Koti Lililosafishwa Usiku

Saa moja asubuhi, jikoni kwao mtaa wa Small Heath, ughaibuni, Mwanamize alitia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la baridi akakuta patupu. Pasipoti haipo. Ndege inaondoka jioni, na meli inayopeleka watalii Antaktika kutazama pengwini haimngoji mhudumu wa vyumba. Akikosekana, nafasi anapewa mwingine, na kazi ndiyo imekwenda.

Hakujiuliza mara mbili. Alimwamsha mumewe, Feisal, akamwita mwizi mbele ya mama yake mzazi, Bi Asmahan. Kwani nani mwingine? Si yeye aliyenuna mwezi mzima, akisema mke gani huyu anayemkimbilia ndege asiyeruka? Feisal aliapa hajaligusa koti. Mwanamize hakutaka kusikia. Alipekua makabati, akamwaga droo, kisha akamgeukia mama mkwe naye, kwani ndiye aliyetoka jikoni wa mwisho jana. Bi Asmahan akamjibu kwamba alishinda akioka mikate ya ufuta ya kumuagia, na kweli, asante ya punda ni mateke.

Ufuta! Mwanamize alilirudia koti lake. Jana jioni alilivaa koti hapahapa kuwaonyesha wageni, ufuta ukamnasa kwenye velkro za mikono, vile vifungo vya kunata, akaona uvivu kuutoa. Akalitundika papo hapo jikoni vilevile. Sasa alizifungua velkro zile dirishani, kwenye mwanga. Safi, hata punje moja hamna.

Melini hakuna anayeshuka kwenye barafu kabla ya kuchokoa kila mbegu nguoni, isije ikaota kwenye nchi ya pengwini. Ukiizoea kazi ile, vidole vinachokoa vyenyewe, hata huna habari. Feisal huuita upuuzi, na mama yake hajui hata kama kuna sheria hiyo. Katika nyumba hii wanaoijua ni wawili tu.

Alipanda ngazi hadi chumba cha mpangaji wao, Francine, Mkongo aliyefanya naye kazi melini misimu mitatu. Msimu huu kampuni ilimchukua Mwanamize, Francine ikamweka akiba. Jana usiku alirudi kutoka kazini watu wote wamelala.

"Ulipoiba pasipoti ulinisafishia na koti," Mwanamize alimwambia. "Ufuta wote umeutoa."

Francine alitazama vidole vyake. Hakukana. Aliitoa pasipoti chini ya mto, akaitupa sakafuni.

"Ni mimi nilikufundisha hii kazi," alisema. "Hata brashi hukujua kushika. Leo wanakuita wewe, mimi niko nangojea ukuwe mgonjwa. Nilichoka kungojea."

"Utahama leo."

"Nitahama. Lakini asubuhi ulimwita nani mwizi? Nilisikia yote."

Mwanamize alishuka na pasipoti mkononi. Sanduku lake lilikuwa limeshatolewa nje, linanyeshewa. Feisal alisimama mlangoni.

"Ni Francine," alimwambia. "Nimekukosea, Feisal. Nisamehe."

"Nipe funguo za nyumba," Feisal alisema. "Nenda kwa pengwini wako. Ukirudi, tafuta pa kufikia."

Mwanamize alimgeukia Bi Asmahan, ambaye kila wakigombana ndiye huwapatanisha.

"Mpe," Bi Asmahan alisema.