Muhuri wa Chifu Hautengenezi Kamera

Jumamosi hiyo Tryphena alichoka kuliko siku zote. Tangu asubuhi alikuwa Mwatate, kwenye mazishi, akipiga picha. Kazi ya picha za mazishi mnaijua. Watoto wa marehemu, simameni hapa. Haya, wajukuu. Haya, wakwe. Kwaya. Akina mama wa chama. Kila kundi lataka picha kando ya jeneza, na kila kundi lina mtu mmoja aliyekwenda chooni. Ukimsahau huyo mmoja, utalaumiwa mpaka wewe mwenyewe uzikwe.

Wakwe walipojipanga, kamera ilikwaruza ndani, kisha ikatoa picha nyeusi tititi. Tryphena akaizima, akaiwasha. Ikakubali. Ndivyo ilivyokuwa ikifanya tangu mwisho wa Januari.

Jioni alifika nyumbani Voi miguu imevimba. Mumewe, Titus, alikuwa akifuta vumbi pikipiki yake ya bodaboda.

"Imekusumbua tena?" Titus akauliza.

"Imenisumbua."

"Si uipeleke ikaangaliwe, Mama Abby?"

"Nitaipeleka. Waranti iko mpaka mwezi wa kumi. Haraka ya nini? Leo nataka kulala tu."

Waranti ni ahadi ya kampuni iliyotengeneza kitu. Kitu kikiharibika chenyewe, bila kuangushwa wala kumwagiwa maji, kampuni hukitengeneza bure. Lakini ahadi hiyo ina muda wake, na ina masharti yake. Tryphena alijua ile habari ya bure. Masharti hakuyasoma. Kadi ya waranti ilikuwa na maandishi madogo kama sisimizi, naye macho yake yalikuwa yamechoka.

Kamera yenyewe hakuinunua mpya. Aliinunua mwezi wa kumi mwaka jana kwa Geoffrey, mfanyabiashara wa ndizi kule Taveta. Geoffrey aliinunua mpya Moshi, ng'ambo ya mpaka, ili apige picha kanisani kwao. Miezi saba baadaye akachoka nayo, akaiuza. Tryphena aliuza mtamba wake ili aipate.

Siku ya kununua, Titus alishikilia jambo moja. "Ng'ombe tukiuza tunaandikishana kwa chifu. Hii pikipiki niliandikishana kwa chifu. Kamera nayo lazima."

Basi wakaandikishana. Mimi Geoffrey nimemuuzia Tryphena kamera hii pamoja na waranti yake ya mwaka mmoja. Wote wakatia sahihi. Naibu wa chifu akagonga muhuri, puu! Tarehe kumi, mwezi wa kumi. Tryphena akaikunja karatasi ile, akaitia ndani ya Biblia. Tangu siku hiyo alihesabu mwaka wake kutoka kwenye muhuri.

Jumapili mama yake alimpigia simu kutoka Chawia. Mama Jedidah alikuwa na miaka themanini na minne, na sauti kali bado.

"Tryphena, unakuja lini kunipiga picha?"

"Nitakuja, mama. Kazi imekuwa nyingi."

"Unapiga maiti za watu, mama yako mzima humpigi?"

"Mama, jamani!"

"Nimeshapiga pasi sare yangu ya kanisa mara tatu. Sitaki nibandikwe ukutani kama baba yako."

Baba yake alipofariki, nyumba nzima haikuwa na picha yake hata moja. Walichukua ile ndogo ya kitambulisho, wakaikuza. Uso ukatawanyika kama uji uliomwagika. Ndiyo picha iliyotangulia mbele ya jeneza, na ndiyo iliyoko ukutani hadi leo. Naye binti yake ni mpiga picha! Mganga hajigangi, watu husema, na msemo huo ulimchoma Tryphena kila alipousikia.

"Jumamosi ijayo, mama," akasema. "Haki ya Mungu."

Alhamisi, tarehe tano mwezi wa tatu, kamera ikafa. Mteja alikuwa amekaa kibandani kwake, karibu na soko la Voi, akingoja picha ya pasipoti. Tryphena akabonyeza. Kimya. Akaizima, akaiwasha, akatoa betri, akarudisha. Kimya. Mteja akaondoka akinung'unika. Tryphena akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akajisikia kulia.

Titus akaja mbio na pikipiki. "Usijali. Kaloki anatengeneza redio. Ana bisibisi ndogo za kila aina. Tumpe aifungue."

"Redio na kamera ni kitu kimoja?"

"Vyote si vina waya?"

"Baba Abby, wacha. Nipeleke kwa Ishaq."

Ishaq alikuwa fundi wa kamera na simu. Wazazi wake walitoka Mombasa zamani, naye alikulia Voi. Aliipokea kamera kwa mikono miwili, akaitazama chini, juu, pembeni. Hakugusa bisibisi.

"Lile pazia la ndani limekwama," akasema. "Sisi mafundi twaliita shata. Naweza kuifungua sasa hivi. Lakini hebu kwanza niambie, Mama Abby, ina waranti?"

"Iko. Mpaka mwezi wa kumi. Nina karatasi ya chifu."

"Karatasi ya nani?"

Walikuwa wamepitia nyumbani kuichukua pamoja na kadi, na sasa Tryphena akaitoa kwenye mkoba. Ishaq akaisoma yote, polepole, kisha akaikunja vizuri na kumrudishia. Hakucheka, na Tryphena alimshukuru kwa hilo.

"Karatasi hii ni nzuri," Ishaq akasema. "Yaonyesha kamera si ya wizi. Polisi akikuuliza, mwonyeshe. Lakini aliyeahidi kutengeneza bure si chifu, wala si Geoffrey. Ni kampuni. Na kampuni haikuwako siku mlipogonga muhuri."

"Kwa hivyo sina waranti?" Tryphena akauliza.

"Sijasema hivyo. Kampuni hazifanani. Nyingine waranti yao ni ya mnunuzi wa kwanza peke yake. Kitu kikiuzwa tu, imekwisha. Nyingine waranti hufuata kitu, hata kikiuzwa mara tatu, mradi muda haujapita na risiti ya kwanza ipo. Yataka kusoma kadi, tena kuuliza wenyewe. Hebu nipe hiyo kadi."

Akavaa miwani. Titus alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Hapa hawakuandika kwamba ni ya mnunuzi wa kwanza pekee. Hiyo ni bahati. Lakini sikiliza. Mwaka mmoja, kuanzia siku ilipouzwa mpya dukani. Geoffrey aliinunua lini?"

"Mwezi wa tatu, mwaka jana."

"Tarehe?"

"Sijui."

"Basi huna mpaka mwezi wa kumi, mama yangu. Una siku chache, au huna hata moja. Na mimi siifungui. Fundi asiyetambuliwa na kampuni akigusa skrubu hizi, wataona, na wanaweza kukataa. Hata huyo Kaloki wenu wa redio."

Titus akatazama viatu vyake.

Wakapiga ile namba iliyoko kwenye kadi. Ishaq akaweka simu mezani ili wote wasikie. Mwanamke aliyepokea kule Moshi akaomba namba ya kamera, ile iliyoandikwa chini ya kamera yenyewe. Tryphena akaisoma, tarakimu moja moja.

"Kamera hii iliuzwa huku Tanzania," yule mwanamke akasema. "Waranti yake inatumika huku tu. Ilete kituoni kwetu Moshi pamoja na risiti ya dukani. Jina la kwenye risiti kwetu si hoja. Tarehe ndiyo hoja."

"Mimi nina karatasi yenye muhuri wa chifu," Tryphena akasema.

"Dada, hiyo hatuitumii. Leta risiti."

Tryphena akampigia Geoffrey. Geoffrey alikuwa katikati ya ndizi zake, watu wakipiga kelele.

"Risiti? Si nilikupa kadi?"

"Kadi haitoshi, ndugu yangu. Tafadhali, itafute."

"Risiti ya mwaka jana! Haya, nitauliza nyumbani."

Kwa saa mbili nzima Tryphena alingoja kwenye benchi la Ishaq. Aliwaza picha nyeusi ya kwanza, ile ya Januari. Mwezi mzima na zaidi alikuwa akijiambia bado, bado. Hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka tu, na mchovu hupenda kuamini kwamba kuna muda. Simu ikalia.

"Iko!" Geoffrey akapaza sauti. "Mke wangu anawekea mbegu za vitunguu kwenye sanduku la kamera. Risiti ilikuwa chini ya mbegu. Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu."

Ishaq akahesabu kwa vidole. "Siku tisa. Nenda kesho. Usingoje Jumatatu. Na ukifika mpakani, waonyeshe kamera kabla ya kuvuka, waiandike. Usije ukarudi nayo wakadhani umeinunua ng'ambo, wakakutoza ushuru."

"Wewe nikulipe nini?"

"Sikufanya kazi, nilipwe nini? Nenda, mama."

Kulikuwa bado giza Tryphena alipoondoka Voi. Taveta, Geoffrey akampa risiti, yanuka vitunguu, na shazi la ndizi kwa kuomba radhi. Mpakani akaiandikisha kamera, akavuka hadi Holili, upande wa Tanzania, akafika Moshi. Kituoni wakaikagua kamera, wakalinganisha namba na risiti. Hakuna aliyemwuliza yeye ni nani.

"Itakuwa tayari baada ya wiki tatu," wakasema. "Hulipi."

Wiki tatu! Alipaswa kufurahi, naye alifurahi, lakini alichofikiria ni Jumamosi. Akampigia mama yake akiwa bado mlangoni pa kituo.

"Mama, kamera iko kwa fundi. Wiki tatu."

Mama Jedidah akavuta pumzi. "Haya. Nitajaribu kuwa hapa."

Wiki tatu zile zilikuwa ndefu. Kila simu ilipoonyesha jina la mama, Tryphena aliogopa kuipokea. Aliazima kamera kuukuu kwa ajili ya pasipoti, akavumilia. Zilipokwisha akaifuata kamera yake Moshi, akarudi nayo ina pazia jipya, bila kulipa hata shilingi ya ufundi.

Wiki hiyo hiyo Koki, jirani wa kibanda cha pili, alitaka kununua printa iliyotumika. Muuzaji alikuwa tayari na kalamu. "Twende kwa chifu tuandikishane," akasema.

"Mtakwenda," Tryphena akasema. "Lakini kwanza, risiti ya dukani iko wapi? Ilinunuliwa nchi gani, tarehe ngapi? Koki, soma namba hapo nyuma, tupigie kampuni kabla hujatoa pesa."

Wakapiga. Waranti ilikuwa imekwisha zamani. Koki akainunua hata hivyo, lakini kwa bei ya kitu kisicho na waranti. Titus alikuwa pale akisikiliza. Akasema, "Mama Abby siku hizi ni wakili," na watu wakacheka.

Jumamosi akapanda Chawia. Mama yake alikuwa nje, kwenye kiti, sare imepigwa pasi mara ya nne, kitambaa cheupe kichwani.

"Tazama hapa, mama. Cheka kidogo."

"Na meno haya?"

Akacheka kwa sababu ya meno. Tryphena akabonyeza. Shata ikalia vizuri, mlio mmoja safi.

Akampelekea kamera aone kioo cha nyuma. Mama Jedidah akaisogeza karibu na uso wake, akaitazama kwa muda mrefu. Mikunjo yote ilikuwapo, na macho, na lile jino moja la mbele. Kisha akageuka kuangalia ndani ya nyumba, pale ukutani.

"Kumbe na baba yako angetoka hivi," akasema.

Tryphena alipangusa macho kwa mkono, akainua kamera.

"Kaa vizuri, mama. Nakupiga nyingine."