Gari Ilikunywa Mafuta, Nikamwita Shofere Mwizi

Mimi ni mwanamuke wa miaka arobaini na nane, mukaaji wa Kasongo, mama wa watoto wanne. Shule niliiacha ningali mudogo, kwa hiyo nikikosea herufi musinicheke. Natembea na fimbo mbili. Wanaoniona sokoni wanadhani nilianguka na pikipiki... Hapana! Ni mafuta ya motere, ya injini ya gari, yaliyonivunja muguu. Mafuta, na ulimi wangu mwenyewe.

Bwana yangu alipofariki aliniachia shamba la michikichi. Nikawa napeleka muchele, chumvi na vitenge kwa wachimba dhahabu wa Lusangi, na mbele mpaka Kabambare. Nilianza kwa kusukuma baiskeli, baadaye nikapanda pikipiki za watu. Mvua yote yangu, matope yote yangu! Mwisho nikachoka. Nikauza shamba lote, nikanunua gari ya jipu ya zamani inayotumia mazutu, yaani dizeli, yenye turbo, kile chuma cha kupulizia motere hewa. Siku ilipofika mulangoni niliichezea ngoma kama bibi harusi. Kumbe nilikuwa nachezea matanga yangu...

Shofere wangu alikuwa Muzee Kalume, Mubangubangu wa Kabambare, mutu wa maneno machache. Alikuwa na tabia moja iliyokuwa inanichoma roho. Tukimaliza kupanda mulima anasimama, lakini hazimi motere. Anaiacha inanguruma polepole, yeye anafuta jasho.

Nikamwita kwa jina la binti yake: "Baba Mwajuma, hayo mazutu unampikia nani?"

Akacheka. "Mama Feza, turbo iko kama mutu aliyekimbia. Ukimukalisha ghafla na kumunyima maji, ataanguka. Iache ipumue."

Akanifundisha na habari ya mafuta. Alisema kile chuma cha turbo kinazunguka mbio kuliko kitu chochote ndani ya motere, na kinachokishika ni mafuta tu. Nisinunue ya kupimiwa katika chupa. Nitafute bidoni, yaani dumu, iliyofungwa, iliyoandikwa kwamba ni ya dizeli yenye turbo, namba ya uzito kumi na tano na arobaini. Na ninunue kwa mutu ninayemujua.

Mutu ninayemujua! Nani ninamujua kuliko Assani?

Assani ni mudogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Mimi ndiye yaya wake, dada mukubwa; nilimubeba mugongoni mpaka mugongo ukapinda. Leo yuko na duka la vyuma vya gari karibu na soko. Kwake nilinunua bidoni nyekundu za lita tano, kifuniko kimefungwa, namba ile ile. Mimi kusoma namba najua. Nikaridhika.

Sasa sikilizeni. Kwetu Kasongo hakuna mutu anatupa bidoni. Inawekwa mawese, inawekwa maji, inawekwa mbegu. Kila moja ilipoisha, Assani alikuja kuiomba: "Yaya, zile tupu unirudishie, wauza mawese wananisumbua." Nikamupa zote. Tena nilizisugua kwanza kwa majivu na maji ya moto ili mudogo wangu asipate aibu! Moja niliisogeza karibu na mafiga, kitako kikaungua, kikabaki na kovu kama sikio la mbuzi. Nikamupa nayo hivyo hivyo.

Haikupita miezi mingi, gari ikaanza kula mafuta. Mwanzo safari ya Kasongo mpaka Kabambare ilikula nusu lita. Halafu lita nzima. Halafu lita mbili! Nyuma unatoka moshi wa bluu, unanuka kama nywele zinazoungua. Muzee Kalume akatandika karatoni chini ya motere, gari ikashinda hapo kutwa. Hakuna hata tone.

Akaniita, akapangusa kile kijiti cha kupimia mafuta, akanipakaza vidoleni. "Nusa, mama. Haya ni mapya ya juzi, lakini yamekwisha kuungua. Duka lile tuliache."

Nikaenda kumwambia Assani. Alikuwa anatafuna karanga, hata hakuinuka. "Yaya, mafuta hayana miguu. Hayakudondoka, hayakubaki. Yamekwenda wapi? Muulize muzee wako anawauzia nani huko njiani."

Neno hilo likaniingia kama mududu sikioni. Rafiki yake Fundi Kizito, mwenye garage nyuma ya soko, naye akaapa kwa watoto wake kwamba motere ni nzima, mwizi ndiye shofere. Wawili wanasema jambo moja, mimi mujinga nifanye nini? Kumbe wawili walikuwa sufuria moja!

Siku ya soko, pale parkingi ya magari, mbele ya wenye pikipiki na wamama wa mihogo, nilimusimamisha Muzee Kalume. Nilimwaga mufuko wake chini. Ilitoka shati, sabuni kipande, na tasbihi. Hakuna mafuta! Mutu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikapaza sauti zaidi: "Mwizi anajua kuficha! Muangalie vizuri huyu muzee wa kuswali, ananyonya mujane!"

Watu wakacheka. Kijana mumoja wa pikipiki akamupigia honi. Muzee Kalume aliokota tasbihi, akaipangusa vumbi, akaweka funguo juu ya gari. Alisema: "Mama Feza, hii motere itakulilia." Akaenda zake kwa miguu.

Assani akaniletea shofere mwengine, jina lake Djo, kijana wa miwani. Djo akifika mbio, anazima mbio. Nikafurahi kwamba hapotezi mazutu. Na kwa ajili ya ule moshi, Assani akanishauri tuweke mafuta mazito zaidi, "mazito hayaungui haraka, yaya." Akapakia bidoni mbili yeye mwenyewe, ndani ya gunia, chini ya mizigo. Angalia mapenzi ya ndugu!

Asubuhi hiyo tulikuwa tunapanda mulima, hatukuwa mbali na Kabambare. Mara motere ikapiga kelele. Djo akatoa muguu kwenye pedali ya mazutu, kelele ikazidi. Akazima funguo... motere haikuzima! Nasema haikuzima! Funguo iko mukononi mwake na gari inalia kama nguruwe anayechinjwa, moshi mweupe umefunika barabara yote, hatuoni hata majani. Nikaita Mungu, nikaita mama yangu. Djo akatoa vitesi, ile gia, akafungua mulango, akaruka. Aliniacha! Hata kuvuta frein, ile breki ya mukono, hakuvuta. Gari ikarudi nyuma peke yake, ikaniangusha nayo bondeni.

Niliamka nimelala chini ya mizigo, muguu uko upande ambao muguu haukai. Juu ya kifua changu kulikuwa kunamwagika kitu chenye moto wa jua. Nikagusa. Nyeusi! Nyeusi kama maji ya kuoshea sufuria, inanuka kuungua, iko na michanga. Ilinimwagikia shingoni, ikaingia mudomoni. Ilikuwa inatoka kwenye bidoni ya Assani, mupya, kifuniko bado kimefungwa, imepasuka ubavuni.

Nikaisukuma ili inipite. Ikageuka. Kitakoni nikaona kovu kama sikio la mbuzi.

Ndugu wasomaji... nililala pale na ile bidoni, tunaangaliana. Bidoni yangu! Niliisugua kwa mikono hii! Sikulilia muguu. Nilimulilia Muzee Kalume.

Wakulima walinitoa, wakanibeba kwa machela mpaka hospitali, na ile bidoni sikuiachia. Muguu ulifungwa, lakini haukurudi kuwa muguu. Jipu iko bondeni hadi leo, mbuzi wanalala ndani.

Baadaye mutu aliyefanya kazi kwa Kizito alinieleza yote. Mafuta machafu yanayotolewa kwenye magari na pikipiki, Kizito aliyakusanya. Wanayapika, wanayaacha yatulie, wanayachuja kwa kitenge kilichochakaa, wanatia mapya kidogo juu ili yang'ae. Halafu Assani anayafunga ndani ya bidoni nzuri, kifuniko anakigandisha kwa kisu cha moto. Na bidoni nzuri anatoa wapi? Kwa yaya wake!

Nilimwita Assani mbele ya wajomba zetu. Alikuja na kuku mukononi, eti ya kunipa pole! Nikamuwekea ile bidoni miguuni. Hakuona haya. Alisema: "Yaya, kila mutu hapa anauza hivyo. Mafuta ni mafuta. Na kama ningekataa kukuuzia, si ungejua?"

Si ungejua! Huyo ndiye niliyembeba mugongoni. Yule kuku nilimutupia nje.

Nilipoweza kukaa juu ya pikipiki nilikwenda Kabambare. Muzee Kalume nilimukuta analima mihogo. Tangu siku ile hakuna tajiri aliyemupa gari, sifa ya wizi ilimufuata mpaka kwao. Alinipa kiti. Nilieleza, nililia, nilimuomba msamaha. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Djo hakuingiza vitesi ya juu na kukanyaga frein?" Nikasema hapana, aliruka. Akatikisa kichwa. "Turbo ilikufa, motere ikawa inanyonya mafuta yake yenyewe. Inajila. Funguo haisaidii hapo. Unaikaba na vitesi, ama unaiziba pua, pale inapovuta hewa, kwa nguo."

Nikamuuliza: "Baba Mwajuma, umenisamehe?"

Akajibu: "Uliponiita mwizi hukuniita hapa shambani."

Nikaelewa. Nikarudi Kasongo. Siku ya soko nilisimama parkingi, pale pale, na fimbo zangu mbili. Nikapaza sauti: Muzee Kalume si mwizi! Wezi ni Assani mudogo wangu na Fundi Kizito, na mimi niliwaoshea vyombo vya wizi! Wengine walicheka. Yule kijana wa honi aliinamisha kichwa. Leo Muzee Kalume anaendesha lori la muchele. Akipita ananisalimia kwa honi, hasimami. Inanitosha.

Nyinyi wenye gari za turbo, nawaomba! Gari ikianza kula mafuta, musitafute mwizi kwanza. Angalieni moshi, pangusa kijiti, nusa. Tia mafuta ambayo motere inaomba, si mazito ya kuficha ugonjwa. Motere ipumue kabla ya kuzimwa. Na mutu anayewaambia ukweli na mikono michafu, musimuuze kwa sababu ya ndugu mwenye mikono safi.

Assani bado yuko na duka lake. Bidoni nyekundu zimepangwa mulangoni, zinang'aa. Mimi kila bidoni tupu ya mafuta ya motere ninayoipata, nachukua kisu naitoboa. Majirani wananifokea: "Mama Feza, unaharibu bidoni nzuri!" Mwengine anasema nimepata kichaa bondeni.

Naitoboa kitakoni. Naitoboa na ubavuni.