Damu Yasema Ndiyo, Choo Chasema Hapana

"Damu imesema ndiyo!" Fundi alipaza sauti, akagonga meza ya kazi kwa nyundo ya mpira.

"Na choo kimesema hapana," mkewe akajibu. "Umeamua kuamini damu kwa sababu gani? Kwa sababu imesema unachotaka kusikia?"

"Damu haidanganyi!"

"Kumbe choo ndicho kidanganyifu."

Bibi, mama yake Fundi, alikuwa amekaa karibu na mlango wa karakana. Alicheka chini kwa chini. "Toka asubuhi ni damu na choo, choo na damu. Mteja akiingia hapa atadhani tunauza nyama."

Karakana hiyo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Fundi alitengeneza makochi. Kila mahali palijaa sponji, vipande vya kitambaa na springi za zamani. Juu ya rundo la sponji alikaa binti yao wa miaka kumi na mitatu. Kwa sababu ya kuuliza kwake, mtaa mzima ulimwita Maswali. Mkono wake ulikuwa tumboni, juu kidogo ya kitovu.

Tumbo hilo lilikuwa limemsumbua kwa miezi kadhaa. Fundi alimpeleka duka la dawa. Walimtoboa kidole, wakaweka tone la damu kwenye kipimo, wakasema ana bakteria wa tumbo, wale wanaoleta vidonda. Mama Maswali hakuridhika. Alimpeleka zahanati, akapimwa choo. Zahanati wakasema hakuna bakteria.

Sasa juu ya meza kulikuwa na mfuko wenye dawa za aina tatu. Fundi alizinunua asubuhi ile.

"Naanza kumpa sasa hivi," alisema. "Mimi mwenyewe niliumwa vidonda vya tumbo. Nilitumia hizi hizi, nikapona."

"Wewe una kilo tisini. Yule ni mtoto."

"Themanini na nane."

"Nisamehe, bwana mwembamba. Hata hivyo hupewi ruhusa."

"Hodi!" Sauti ilitoka mlangoni. "Nimefuata kochi langu, naona nimekuta kesi."

Alikuwa jirani yao, Dada Nesi. Alifanya kazi katika wodi ya watoto ya hospitali kubwa. Kochi lake lilikuwa pale pale sakafuni, bado halijaguswa. Lilikuwa likilia kila mtu alipolikalia.

"Karibu, dada," alisema Mama Maswali. "Kaa utuamue, maana mwenzangu ameshakuwa daktari."

Maswali alikuwa wa kwanza kuuliza. "Dada Nesi, kipimo kimoja kinasema ninao, kingine kinasema sina. Bakteria anaweza kuwepo na asiwepo?"

Dada Nesi alicheka, akavuta kigoda. "Hapana. Ila kila kipimo kinajibu swali lake. Tuanze na damu. Mwili ukipigana na bakteria, unatengeneza askari wake. Hao askari hubaki kwenye damu muda mrefu, hata vita vikiisha. Kipimo kile kinaona askari. Adui mwenyewe hakimwoni."

Fundi aliokota kipande cha mbao ya kochi kuukuu, akakigeuza mkononi.

"Kama matundu ya misumari," alisema polepole. "Msumari umeshang'olewa, tundu limebaki."

"Ndivyo. Na kwa watoto kinakosea hata upande wa pili. Bakteria anaweza kuwepo, kipimo kikasema hayupo. Kwa hiyo mtoto hatumpi dawa kwa kutegemea kipimo hicho."

Mama Maswali alimtazama mumewe. Akatabasamu kama mshindi.

"Usishangilie bado," Dada Nesi akamwambia. "Kipimo cha choo kinamtafuta bakteria mwenyewe. Hicho ni kizuri zaidi. Lakini kabla ya kupimwa, mtoto alikuwa anatumia dawa yoyote?"

"Hapana, hata kidonge kimoja," alijibu Mama Maswali.

Maswali alimtazama bibi yake. Bibi naye alitazama dari, kama mtu anayehesabu buibui.

"Mama?" aliita Fundi.

"Kile kidonge changu cha kiungulia si dawa," alisema Bibi. "Ni kitu kidogo tu. Mtoto anaamka anajikunja. Nampa kimoja na chai, anatulia. Mlitaka nimwangalie tu analia?"

"Ulianza lini?" Fundi aliuliza.

"Kabla ya hivyo vipimo vyenu."

Mama Maswali alijishika kichwa. "Yaani nilibeba kile kikopo cha choo njia nzima, nimekikumbatia kama yai, kumbe nabeba kazi bure!"

Hata Maswali alicheka, akishika tumbo.

"Bibi hakukusudia ubaya," alisema Dada Nesi. "Lakini dawa ya kupunguza asidi huwapunguza hao bakteria. Haiwamalizi wote. Wanabaki wachache, na kipimo kinaweza kuwakosa. Kwa kawaida tunasimamisha dawa hiyo wiki mbili kabla ya kupima. Antibiotiki tunasimamisha wiki nne."

"Kunguni!" alisema Fundi.

"Nani kunguni?" Bibi aliuliza kwa ukali.

"Si wewe, mama. Mteja akipulizia kochi dawa kidogo, kunguni wanaingia ndani ya mishono. Anakuja hapa anaapa wameisha. Usiku wanamla."

Maswali alisogea mbele. Macho yake yalikuwa yaking'aa. "Lakini tumbo lina asidi, na asidi inaunguza. Huyo bakteria anaishije humo?"

"Ana ujanja," alisema Dada Nesi. "Anatengeneza kitu kinachopoza asidi inayomzunguka. Kisha anajichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo."

"Kwa hiyo ana mwavuli, halafu ana chumba."

"Na kodi halipi," alisema Bibi.

"Ujanja wake ndio unaomponza," Dada Nesi aliendelea. "Kuna kipimo cha pumzi. Unakunywa maji yenye kitu maalumu, bakteria anakivunja, na alama yake inatoka kwenye pumzi yako. Mtoto akishatibiwa, tunasubiri angalau wiki nne. Halafu tunampima pumzi au choo, tuone kama bakteria wameisha kweli."

Fundi alijikuna kidevu. "Basi nimeelewa. Tusimamishe vidonge vya mama, tupime tena choo. Akiwa nao, namwanzishia hizi."

"Bado, Fundi. Watu wengi wanao tangu utotoni na hawaumwi chochote. Unaweza kumkuta bakteria, ukamtibu, na mtoto akaendelea kuumwa. Kwa mtoto, tunatafuta kinachomuumiza."

"Kama si yeye ni nani?"

Dada Nesi aligonga kochi lake kwa mguu. "Hili nimekuambia springi imekufa. Utabadilisha springi?"

"Siwezi kubadilisha nisichokiona."

"Basi liangalie."

Fundi alilipindua kochi miguu juu. Alichomoa pini moja moja, akafunua kitambaa cha chini. Aliingiza mkono, akabonyeza springi zote. Kisha alitikisa fremu. Kochi lililia.

"Springi zako ni nzima," alisema. "Mbao ya kona imeachia gundi. Inasuguana na mwenzake."

"Na kama ungefuata maneno yangu?"

"Ungelipa springi mpya, na kochi lingelia vile vile." Fundi aliishia hapo. Akaugeukia ule mfuko wa dawa.

Dada Nesi alimwita Maswali mlangoni penye mwanga. Alimvuta chini kope la jicho. Ndani palikuwa peupe badala ya pekundu. Akaacha mzaha.

"Unachoka?"

"Nikipanda ngazi za shule nasimama katikati."

"Maumivu yanakuamsha usiku?"

"Ndiyo."

"Na sketi yake nimeibana kwa pini," alisema Mama Maswali. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilidhani anarefuka."

"Choo chako kina rangi gani?"

Maswali aliinamisha kichwa.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi, "umetuuliza maisha yako yote. Leo jibu moja tu."

"Cheusi," alisema Maswali. "Kama lami. Kinanata. Tangu juzi."

"Na hukusema?" mama yake alishtuka.

"Mlikuwa mnagombana kuhusu choo changu. Niliona aibu."

Fundi na mkewe walitazamana. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, walikuwa upande mmoja.

"Anakunywa vidonge vya kuongeza damu?" Dada Nesi aliuliza. "Hivyo navyo hufanya choo kuwa cheusi."

"Hapana," alisema Mama Maswali, akageuka. "Bibi, umempa?"

"Naapa sijampa."

Dada Nesi alisimama. "Choo cheusi kama lami kinaweza kuwa damu inayotoka tumboni. Hii haingoji kesho. Mpelekeni hospitali sasa. Asile kitu njiani."

"Na zile wiki mbili za kusimamisha dawa?" Mama Maswali aliuliza.

"Hizo ni za mtoto anayeweza kusubiri. Huyu hasubiri. Mwambieni daktari vidonge alivyokunywa, naye ataamua. Ninyi msianze dawa wala msiongeze."

"Watanifungua kama kochi?" Maswali aliuliza.

"Hawakati popote. Wanakupa dawa ya usingizi. Wanapitisha mpira mwembamba mdomoni mpaka tumboni. Mbele una kamera. Daktari anaona kama kuna kidonda, anaweza kuzuia damu, na anachukua vipande vidogo sana vya ukuta wa tumbo. Hivyo vinapimwa kama vina bakteria. Maabara ikiweza, wanaangalia pia ni dawa gani inayowaua. Zilizomponya baba yako huenda zisiwaue wa kwako."

"Kamera ndani yangu? Nitaona?"

"Utakuwa umelala. Mwombe daktari akuonyeshe picha."

Fundi alikuwa ameshavua aproni. Bibi alifungua fundo la mtandio wake, akatoa vidonge vya kiungulia, akaviweka kiganjani mwa mkwewe bila kuambiwa. Mama Maswali alivitia kwenye mkoba pamoja na dawa zile tatu, daktari azione zote. Akachukua na karatasi za vipimo.

"Dada Nesi, kochi lako..." alianza Fundi.

"Liache lilivyo! Nimekaa nalo mwaka mzima likilia."

Mama Maswali alikuwa tayari barabarani, amesimamisha gari la kwanza lililopita. "Fundi! Huo mlango utaufunga leo au mwakani?"

Fundi alifunga. Kochi lilibaki ndani, miguu juu. Alimbeba binti yake mpaka kwenye gari, ingawa alikataa kubebwa. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

"Baba," Maswali alisema gari lilipoondoka, "bakteria akiona kamera anafanyaje?"

"Muulize daktari," alisema Fundi, akamkumbatia vizuri. "Na yeye akikuuliza, mjibu yote. Hata ya choo."

"Hata ya choo," alisema Maswali.