Mguu wa Nasma na Bei ya Dagaa

Kila asubuhi kabla ya shule, Nasma alimsaidia mama yake, Bi Zaitun, kuanika dagaa kwenye mchanga wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Jioni alicheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, na haikuwa rahisi kumpata. Ulikuwa mwaka 1996. Wakimbizi walimiminika kutoka ng'ambo ya ziwa, na malori ya chakula chao yalipita mchana kutwa.

Lori moja lilikuwa la Pastory, bwana aliyetanguliwa na kitambi chake popote alipokwenda. Siku moja aliliendesha mwenyewe. Alirudi nyuma bila kutazama, akapita juu ya dagaa, kisha juu ya mguu wa Nasma. Hospitalini ilibidi akatwe vidole viwili.

Kwenye baraza la kata Pastory alikuja na kikokotoo, utadhani amekuja kununua mbuzi.

"Dagaa debe tatu, nalipa. Dawa nalipa, risiti ninazo. Tumemaliza."

Dagaa walipata bei. Mguu wa mtoto haukupata hata pole. Na huyo ndiye aliyejisifu mjini kote kwamba anawahurumia wakimbizi!

Bi Zaitun alimnong'oneza binti yake, "Chechemea sana, mwanangu. Sema huwezi kabisa kutembea."

Nasma aliona aibu. Akatembea hadi mezani, polepole, bila kuongeza chochote.

"Si mnaona?" Pastory akacheka. "Mzima huyu!"

"Shikamoo, mama," Nasma alimwamkia mwenyekiti, Mama Verediana. "Kutembea naweza. Kuruka siwezi. Kwenye rede sasa nawashikia wenzangu viatu. Mguu unauma nikivaa kiatu, na nikisikia lori natetemeka."

"Rede!" Pastory akabeza. "Rede nayo inauzwa shilingi ngapi?"

"Haiuzwi," Mama Verediana alijibu. "Ndiyo maana huwezi kumnunulia nyingine. Umehesabu yaliyotoka mfukoni tu. Maumivu, hofu na mchezo wake uliompotezea, navyo utavilipia."

Pastory alitafuta mtu wa kucheka naye, akamkosa. Akatia sahihi kwamba atalipa.

"Nilidhani ukweli utatupunja," Bi Zaitun alikiri.

"Mama Nasma," Mama Verediana akamwambia, "dawa ina risiti. Maumivu hayana, shahidi wake ni mdomo wa aliyeumia. Huyu bwana alikuwa anangoja uongo mmoja tu. Angeupata, nani angeamini mengine?"

Bi Zaitun aliinamisha macho. Kisha akapiga magoti, akamvua binti yake kiatu, maana mguu ulikuwa unamuuma kweli.