Mikono ya Fundi Saa

Walikutana kwenye foleni ya benki, binti mwenye gauni la njano alipomkanyaga fundi saa kwa kisigino.

"Pole, kaka! Lakini mguu wako nao umejaa njia nzima."

Wenzake saluni walimwita Chiriku, kwa jinsi alivyosema bila kituo. Fundi saa, mtu wa maneno ya kuhesabika, alicheka hadi akapitwa na zamu yake.

Walipoanza kupendana, Fundi hakumficha jambo. Miaka miwili nyuma aliugua saratani ya damu. Dada yake akampa uboho wa mifupa yake, akapona.

"Nitamshukuru wifi," Chiriku alisema. "Kanitunzia mali yangu."

Miezi saba baadaye mikono ya Fundi ikaanza kutetemeka. Skrubu za saa zilimponyoka, suruali zikamlegea, moyo ukamwenda mbio hali ameketi. Aliogopa mno. Saratani imerudi, alijiambia, naye hatamwacha binti wa watu mjane. Akaacha kupokea simu.

Siku moja akapokea ya Chiriku kwa bahati mbaya.

"Nitajie jina lake huyo mwanamke!"

"Hakuna mwanamke, mpenzi."

"Sasa nini?"

Akakata.

Jumapili Chiriku akamfuma kwa dada yake. Chai ikaletwa. Vikombe viwili vikagonga visahani kwa mtetemo mmoja, cha kaka na cha dada. Chiriku akakiweka chake mezani.

"Wifi, na wewe?"

Dada akashika kitambaa alichojifunga shingoni, joto lote lile.

"Ni tezi ya shingo, ndiyo inayonitetemesha. Dawa nameza kwa kujificha, siku nyingine naruka. Nilipopimwa ili nimtolee uboho, niliwaficha madaktari. Nilijua wangenikataa, ndugu yangu afe." Akalia.

Vipimo vilichukua wiki nzima, na Fundi hakulala. Saratani haikuonekana. Kinga ya mwili wa dada, iliyozoea kushambulia tezi yake, ilihamia pamoja na uboho. Sasa inaishambulia tezi ya kaka, ndiyo maana anatetemeka.

"Dawa ipo," daktari alisema. "Lakini ni safari ndefu."

Kwenye benchi la nje, Fundi akatoa mfukoni saa ndogo ya kike. Akajaribu kuifunga kwenye mkono wa Chiriku. Mara tatu ikamshinda.

"Nilitaka nikuvishe, kisha nikuombe nikuoe. Tazama mikono yenyewe. Naogopa, Chiriku."

"Na mimi naogopa, mpenzi." Hakuuondoa mkono wake. "Jaribu tena."

Akajaribu mara ya nne.