Nimeachana na Marafiki

Aliyewakutanisha ni fahali, kwa hivyo lawama zote zipelekwe kwake.

Ilikuwa Novemba 1987, siku ya mwisho ya maonyesho ya kilimo Kitale. Watu walikuwa wamesongamana uwanjani wakitazama fahali wa gredi, mbegu ya kigeni, aliyevishwa utepe wa mshindi. Fahali huyo, bila kuheshimu utepe wake, aliinua mkia ghafla. Umati wote uliruka nyuma. Rispah Nakhungu naye akaruka, na kisigino cha kiatu cheupe alichoazimwa na dada yake kikatua juu ya mguu wa kijana mmoja, Kimaiyo.

"Uuui! Mama yangu!"

"Pole, brother! Sikuona mguu."

"Hukuona? Huu mguu ni namba kumi na moja, sister. Hata ndege zikipita huko juu zinauona."

Rispah alicheka. Alikuwa amevaa sketi ya malinda rangi ya maziwa na blauzi nyekundu yenye mabega yaliyoinuka kama anataka kubeba mzigo. Kimaiyo alivaa shati la maua na suruali iliyonyooshwa kwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata nyanya. Alitazama lile pengo dogo kati ya meno ya msichana, akasahau mguu.

"Unafanya kazi wapi?" aliuliza, walipokuwa wameshika soda.

"Bungoma, posta. Naunganisha simu za mbali."

"Ngoja. Sema, 'Subiri, laini imeshikwa.'"

"Subiri, laini imeshikwa," alisema Rispah kwa ile sauti ya kazini.

Kimaiyo nusura aangushe chupa. "Ni wewe! Mimi ni yule wa duka la mbegu hapa Kitale."

"Yule wa 'haraka sister, mahindi yataota ndani ya gunia'?"

"Yule yule."

"Ati huyo ndiye wewe? Na nilidhani ni mzee wa kitambi!"

Kwa mwaka mzima walikuwa wamesikizana bila kuonana. Walitazamana kama watu waliopata kitu chao kilichopotea mfukoni mwa mwingine.

Kuanzia siku hiyo duka la mbegu lilipata biashara nyingi ajabu huko Bungoma. Kimaiyo alipiga simu kuuliza kama mvua imenyesha. Alipiga kuuliza kama imeacha.

"Bungoma. Namba gani?"

"Nipe namba ya mpenzi wangu."

"Huyo hana simu, bwana. Ana kazi."

"Mwambie nimekonda."

"Atakuletea omena." Halafu, kabla hajamaliza kucheka, Rispah angerudia maneno aliyomwambia kila mteja kutoka Webuye hadi Malaba: "Dakika tatu zimekwisha, bwana. Unaongeza?"

Wateja wengine walisikia onyo. Kimaiyo alisikia wimbo.

Shida ilikuwa moja. Huyu kijana alikuwa na wivu wa kupanda miti. Alifikiria kila mwanamume mwenye simu akiisikia ile sauti, akishindwa kulala, akipiga tena. Akaanza kuhesabu muda ambao laini ilishikwa. Siku moja Rispah alipokuja Kitale kumtembelea, wakiwa wamekaa hotelini mbele ya chai na mandazi, uvumilivu ukamwisha.

"Rispah, apa kwamba hakuna mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Huko ni kusema. Mimi nataka kiapo. Sema haki ya Mungu."

"Sisi hatuapi, Maiyo. Mimi nimelelewa Kweka. Kwetu ukisema ndiyo ni ndiyo, ukisema hapana ni hapana. Ukiongeza kiapo, ni kama unakubali kwamba siku zingine wewe hudanganya."

Kimaiyo aliwajua Kweka. Ni kanisa la watu wapole walio na desturi ya kunyamaza katikati ya ibada wakisubiri Mungu aseme nao moyoni. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa misa, ingawa mara nyingi aliingia wakati padri anawaaga.

"Hiyo dini ni ya wajanja," alinung'unika. "Hakuna kuapa, hakuna kushikwa."

"Kula andazi," Rispah alimwambia, na akalisukuma mdomoni mwake. Lakini Kimaiyo alitafuna huku akiwaza.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa Jumatatu moja ya Februari 1989, simu ya dukani ilipolia asubuhi. Kimaiyo aliinyakua. Sauti ya Rispah ilikuwa ya kunong'ona na ya haraka.

"Maiyo, nisikize vizuri, mkubwa wangu ametoka kidogo. Nimefanya kitu kikubwa. Nimeachana na Marafiki."

"Umeachana na nani?"

"Na Marafiki. Wote, kwa siku moja. Nimechoka kuwadanganya."

"Ulikuwa unawadanganya?"

"Miaka mingi, Maiyo! Walidhani niko na wao kwa roho yote, na mimi sikuwa nasikia kitu. Jana nimesimama nikawaambia. Hiram ndiye ameniumiza. Mwanaume mzima, analia kama mtoto. Si unajua amenipenda tangu... Mkubwa anakuja!"

Simu ikakatika.

Kimaiyo alikalia gunia la mbegu. Mama Chesang, mjane aliyeuza naye hapo dukani, na ambaye masikio yake hayakuwahi kwenda likizo, alisogea.

"Nini, kijana? Ni matanga?"

"Ameachana na marafiki."

"Marafiki wangapi?"

"Hakusema."

Mama Chesang alifikiria. "Rafiki mmoja, marafiki wawili," alisema polepole. "Hilo neno linaanzia wawili. Mahali linaishia, hakuna anayejua."

"Mama Chesang!"

"Mimi nasema Kiswahili tu. Na kuna mmoja analia?"

"Hiram."

"Huyo ndiye mkubwa wao," alisema Mama Chesang, na akarudi kupima mbegu.

Wiki hiyo Kimaiyo alimwona Hiram kila mahali. Hiram alikuwa mrefu. Hiram alikuwa na redio ya kaseti. Hiram alivaa koti la ngozi na miwani myeusi, na alilia vizuri, kwa machozi mawili tu, kama wanavyolia wanaume wenye pesa. Kimaiyo alimpimia mteja mmoja mbegu za maharagwe badala ya mahindi. Na Rispah alipopiga simu tena Ijumaa, alimkuta tayari.

"Mpenzi, mbona umenyamaza wiki nzima? Hukusikia niliyokwambia?"

"Nilisikia. Kila neno."

"Na?"

"Na nimekuelewa wewe ni mtu wa aina gani. Mimi siwezi kuoa mwanamke wa namna hiyo."

Waya ulivuma, maili zote hizo za mahindi na miwa.

"Hata wewe?" Rispah alisema. "Wao nilitarajia. Lakini wewe, Maiyo? Nilidhani wewe utaniuliza hata kwa nini."

"Sababu naijua. Muulize Hiram."

"Hiram ndiye peke yake hajanihukumu," alisema Rispah, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyekata kwa kupenda.

Huko Bungoma, alivaa tena vile vyombo vyake vya masikioni na kuendelea kuunganisha watu, machozi yakishuka chini ya waya. Kila mtu siku hiyo alipata laini. Rispah aliamini kitu kimoja: kwamba amewaacha watu wa kanisa lake kwa sababu ya ukweli, na mpenzi wake amemwacha kwa sababu hana kanisa.

Kimaiyo naye aliamini kile alichoamini, na kila alipokumbuka "Hiram ndiye peke yake," kifua kilimwasha kama pilipili. Jumanne iliyofuata aliomba ruhusa, akavaa lile shati la maua, na kufika Bungoma saa nne asubuhi.

"Unamjua Hiram?" alimwuliza mwendesha baiskeli wa abiria pale stesheni.

"Hiram? Nani hamjui! Huyo wamama wote wanampenda."

"Wamama wote?"

"Hata nyanya yangu. Kaa nikupeleke."

Kimaiyo alikaa nyuma ya baiskeli, magoti nje, ngumi zimefungwa. Aliteremshwa mbele ya nyumba ya matofali, mita chache kutoka jengo refu la mabati. Chini ya mkarakara uliotambaa juu ya uzio, mzee mmoja alikuwa akipukuchua mahindi kwenye ungo.

"Mulembe," mzee alimsalimu.

"Mulembe, mzee. Namtafuta Hiram."

"Umempata."

"Hapana, mzee. Namtafuta Hiram kijana."

"Huyo umechelewa. Alikuwa hapa mwaka wa hamsini." Mzee alicheka, na Kimaiyo akahesabu meno matatu. "Karibu, kaa."

"Nataka Hiram wa Rispah."

Mikono ya mzee ilisimama juu ya ungo. "Huyo ni mimi. Nimemfundisha kusoma huyo msichana, hapo kanisani, akiwa na miaka mitano. Na wewe ni nani yake?"

"Mimi... nilikuwa mchumba wake."

"Ooh. Basi tumeachwa sisi wawili."

"Mzee, yeye aliniambia ameachana na marafiki. Na kwamba wewe ulilia."

"Nirilia sana," alisema Mzee Hiram, ambaye kama wengi wa kwao aliachia R na L zitembeleane. "Marafiki wengine wakakasirika. Mimi nirilia."

"Marafiki gani, mzee?" Sauti ya Kimaiyo ilipasuka. "Walikuwa wangapi?"

Mzee alinyoosha kidole kuelekea lile jengo la mabati. Juu ya mlango kulikuwa na ubao mweupe: KANISA LA MARAFIKI.

Kimaiyo alisoma. Akasoma tena, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Lakini hapo si ni Kweka?"

"Kweka ni jina la barabarani. Hilo ndilo la karatasi. Kwani wewe, hakuna mahali unaitwa mjinga, na nyumbani una jina zuri?"

"Kuanzia leo, mzee, jina hilo nitaitwa mpaka nyumbani," alisema Kimaiyo, akajishika kichwa.

"Ulidhani Marafiki ni nini?"

Kimaiyo alitazama ngumi zake. Mzee alielewa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka mahindi yakamwagika kutoka kwenye ungo. Kisha akajifuta macho na uso wake ukatulia.

"Unataka kujua alisema nini siku hiyo? Ilikuwa wakati wa kimya. Alisimama, akasema, 'Mimi kazi yangu ni simu. Nikiita Kitale, Kitale inaitika. Hapa nimeita tangu nikiwa mtoto, na hakuna aliyeinua simu. Nyinyi mkisema mnasikia, siwakatai. Mimi wakati wa kimya nasikia tu tumbo la Mama Agneta.' Wamama walicheka. Halafu wakakasirika kwa sababu walicheka."

"Na mkamfukuza?"

"Wengine walitaka arudi mbele aombewe mpaka asikie. Nikasema hapana. Ni sisi tulimfundisha kwamba ndiyo iwe ndiyo. Sasa amesema kweri, tumpige kwa sababu ametusikiza vizuri?" Alichukua hindi lingine. "Nirilia kwa sababu Jumapili nitaona mahali pake hakuna mtu. Na Jumatatu yake aliniambia, 'Mzee, sijali, yuko kijana Kitale atanielewa.' Huyo kijana ni nani?"

Kimaiyo alikuwa amesimama tayari.

Posta ilikuwa imejaa. Wanawake wenye vikapu, makarani wenye bahasha, na mbele ya kibanda cha simu, foleni. Zamu yake ilipofika, aliingia akafunga mlango na kuinua simu.

"Bungoma. Namba gani?"

"Nataka kuongea na Rispah."

"Rispah ameacha Marafiki, na rafiki naye amemwacha. Jaribu namba nyingine."

"Rispah, usikate! Mimi nilidhani Marafiki ni wanaume."

"Ati nini?"

"Nilidhani umeachana na wanaume. Wote. Kwa siku moja."

Kutoka ng'ambo ya ukuta, bila msaada wa waya wowote, ulisikika mlipuko wa kicheko. Karani wa stempu aligeuka.

"Maiyo! Ulidhani ni wangapi?"

"Mimi nilikadiria sita."

"Sita! Ningewapa saa ngapi? Na Hiram?"

"Hiram nimetoka kwake sasa hivi. Ana meno matatu. Nimemsamehe."

Alicheka tena, lakini kicheko kikaisha katikati. "Kwa hivyo hukuniacha kwa sababu ya kanisa."

"Hapana, mpenzi."

"Basi sikiza, maana sasa ndiyo unajua. Mimi sina kanisa. Wala sitaingia misa ya mama yako ili harusi ipendeze. Sikutoka kwa mlango wa mbele ili nirudishwe kwa mlango wa jikoni. Bado unanitaka?"

Kimaiyo alimwona mama yake huko kijijini Kwanza, rozari mkononi, akimwuliza tangu mwaka jana: huyo msichana atabatizwa lini? Mtu aligonga kioo kwa ufunguo. "We kijana, wengine tuna habari za matanga za kupelekea watu!"

"Mama atalia," alisema hatimaye.

"Najua."

"Atalia, ataninyima ugali, halafu siku moja utamchekesha na basi. Lakini nitamwambia ukweli, mimi mwenyewe." Akaugeuzia mlango mgongo. "Rispah, kitu kimoja tu. Hukuwaacha kwa sababu yangu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Maiyo! Sasa unamwonea wivu Mungu?"

"Kidogo. Alikuwa na wewe kila Jumapili."

"Alikuwa na mimi na hakuniambia neno moja. Wewe huwezi kunyamaza dakika tatu."

"Basi tuoane kwa DC, mkuu wa wilaya. Hakuna padri, hakuna mchungaji. Ni karatasi tu, na mimi na wewe, na Mzee Hiram awe shahidi. Unakubali?"

"Kwa DC wakitaka kuapisha?"

"Tutawaambia sisi tunasema ndiyo, inatosha."

Alipomaliza kusema hivyo, ile hamu ya zamani ilimpanda kooni. Alitaka kumwambia aape hapo hapo, haki ya Mungu, kwamba hakutakuwa na mwingine. Aliisikia ikifika kwenye ulimi. Nje foleni ilinguruma. Ndani ya waya, Rispah alijikohoza, na ile sauti ya kazini ikaja, safi kabisa, ila ikitetemeka mwishoni.

"Dakika tatu zimekwisha, bwana. Unaongeza?"

"Ndiyo," alisema Kimaiyo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza neno.