Sifuri Ndiye Mwenye Nyumba

Stoo ya chini ya ngazi ilianza kunuka maziwa yaliyochacha siku ileile Injinia alipomaliza kazi yake, na humo stoo hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na ndoo, ufagio, na mashine kuukuu ya kuhifadhia picha, iliyounguruma mchana kutwa.

Familia iliishi juu. Chini ilikuwa kliniki yao ndogo ya kupiga picha za mimba: mke alipiga, mume akazisoma na kuzungumza na wateja. Injinia alikuwa mdogo wake mume. Jina hilo alijipa mwenyewe. Cheti hakuna aliyewahi kukiona. Aliitwa kwa sababu kompyuta mpya ya Windows haikuweza kuiona ile mashine ya stoo, na picha zote za kliniki zilikuwa humo.

Mwanzoni alifanya vizuri, tusimwonee. Alifungua orodha ya vipengele vya Windows, akaweka tiki kwenye programu ya NFS, ile inayoiwezesha kompyuta kufungua mafaili yaliyohifadhiwa kwenye mashine nyingine, akaizima kompyuta na kuiwasha upya. Kwenye kioo ikatokea herufi Z, kama droo mpya, na ndani yake picha zote za stoo. Lakini mke alipojaribu kuhifadhi picha mpya, kompyuta ikakataa. Huna ruhusa.

"Mashine ya stoo inamuuliza kila anayebisha hodi, wewe nani," Injinia akaeleza. "Sasa kompyuta hii kule haijulikani. Inajibu, mimi sina jina. Inaruhusiwa kuchungulia tu."

"Si uipe jina, shemeji?"

"Nianze kumpangia kila mtu namba yake, huku na kule? Shemeji, unataka nizeekee hapa?"

Akaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, akaandika kwamba asiye na jina apewe namba sifuri. Katika mashine ya aina ile, sifuri ndiye mwenye nyumba: anafungua, anaandika, anafuta, na hakuna wa kumuuliza. Kisha, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, akaenda stoo, akaipiga mashine kofi la mgongoni na kusema kwa sauti, "Haya, yeyote asiye na jina, karibu. Nyumba yako."

Akacheka peke yake, akachukua begi lake, akaenda zake.

Mke alikuwa mjamzito. Mimba zilizotangulia zote ziliharibika, kwa hiyo hii aliibeba kwa hofu, akitembea kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Wateja walipokwenda kula mchana, alijipiga picha mwenyewe, na pembeni ya kila picha akaandika jina alilomchagulia mtoto. Lilikuwa jina la marehemu mama yake, aliyezikwa bila kumshika mjukuu. Kwake lilikuwa ahadi. Jina hilo sitalitaja, na mtajua kwa nini.

Wiki iliyofuata alifungua picha zake, akakuta jina halipo. Mahali pake palikuwa na sifuri. Akaliandika tena, akahifadhi, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda kutoka stoo mpaka ikamkaa kooni. Alipofungua tena, jina limefutwa, na mtoto, ambaye kwenye picha ile alikuwa amelala ubavu, sasa alikuwa amegeuza uso, anamtazama.

"Mume wangu, njoo uone," akanong'ona.

"Umechoka tu," mume akasema bila kuinuka. "Na usiizime hiyo mashine, wateja wanasubiri picha zao."

Mchana wa siku hiyohiyo umeme ulikatika. Feni ikasimama, kompyuta ikazimika, mtaa mzima ukanyamaza, na katika kimya kile mke akaisikia mashine ya stoo bado inaunguruma, ingawa hakukuwa na umeme wa kuiendesha, kisha mngurumo ukageuka mkwaruzo wa kucha juu ya bati, taratibu, kama mtu anayejaribu kuandika kitu asichokijua vizuri, na akiwa ameshika ngazi kwa mikono miwili, akasikia kutoka nyuma ya mlango sauti ya shemeji yake, ambaye hakuwemo nyumbani, ikisema na kurudia, polepole zaidi kila mara, karibu, nyumba yako, karibu, nyumba yako, na tumboni mwake mtoto akageuka kuelekea kule ilikotoka sauti.

Injinia alikuja mbio, safari hii bila utani. Umeme uliporudi akaifuta ile sifuri, akaondoa tiki, akaing'oa programu yote. Kompyuta ilipowaka upya, herufi Z ilikuwa palepale. Akabonyeza. Huna ruhusa.

"Sisi ndio tumefungiwa nje," akasema.

Wakamwita mganga, mama wa makamo mwenye haraka, aliyesifika kwa kutoa majini. Alisimama mlangoni pa stoo, akanusa, akarudi nyuma.

"Nani alimkaribisha?"

Injinia akatazama viatu vyake.

"Mimi namtoa aliyeingia kwa wizi," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Huyu mlimpa nyumba kwa mdomo wenu. Hawezi kufukuzwa, labda aondoke kwa hiari. Anasema ataondoka akipewa kitu kimoja."

"Kitu gani?" mume akauliza.

"Jina. Lile alilolikuta kwenye picha. Amelipenda."

"Hapana," mke akasema. "Mume wangu, hapana. Hilo ni la mama."

"Jina tu?" Mume alishusha pumzi kama aliyepunguziwa bei sokoni. "Apewe. Sisi tutatafuta jingine."

Mke alimrukia kumziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Stoo ikanyamaza. Harufu ikaisha. Mganga hakuwatazama tena, wala hakudai malipo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mzima wa afya. Walipotaka kumwita, mume akataja jina zuri alilolichagua, na kabla halijawafikia masikioni lilikuwa limepotea, yeye mwenyewe hajui alisema nini. Akajaribu jingine, na jingine. Mpaka leo mtoto wanamwita "wewe", naye anageuka.

Mke hakulia. Alitaka angalau alikumbuke lile la kwanza. Alilitafuta kichwani kama mtu anayepapasa funguo gizani, hakulipata. Mimi pia nililijua jina lile, wallahi nililijua, na nimelitafuta tangu nianze kusimulia. Mke akampigia simu baba yake, mzee aliyeishi na mkewe ujana wote na uzee wote, aliyemlilia msibani hadi akashikiliwa na watu.

"Baba, samahani kwa swali hili. Mama alikuwa anaitwa nani?"

Akamsikia baba yake anapumua, anafikiri.

"Mwanangu," mzee akasema kwa upole, "mama yupi?"